Wauguzi wapya OPD (idara ya wagonjwa wa nje): mnawafundishaje kwa mazoezi ya kuigiza kama hakuna doli wala maabara ya stadi?

Inchaji_Veranda ameuliza:

Habari za kazi wadau. Mimi ni inchaji wa OPD kwenye kituo cha afya kimoja huku Kanda ya Ziwa. Tumepokea wauguzi wapya wanne wa stashahada, ajira ya kwanza. Watoto wazuri, wana adabu, kitabu kipo kichwani. Niliwaanzishia wodini nikaridhika: dripu wanaweka, katheta wanaweka, chati ya dawa hairuki. Walipohamia OPD wakapotea. Mtu anasema "kichwa", anaandika kichwa, anapima joto, anamwambia kaa pale. Anayefuata.

Juzi mama mmoja amekaa benchi na mtoto mgongoni muda mrefu kwa sababu mtoto "amelala". Tabibu alikuwa anapita kwenda chai, akamtazama mara mbili, akamchomoa kwenye kanga. Mtoto hakuwa amelala, sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Akahudumiwa, akazinduka, mama akaondoka naye. Lakini muuguzi aliyempokea alikuwa amempita mara kadhaa, na hakuwa mzembe. Hakuona tu.

Nasikia vyuo na hospitali kubwa wana maabara za stadi zenye doli linalopumua na kukohoa. Sisi tuna chumba kimoja cha sindano na vidonda, veranda yenye mabenchi, na kuanzia saa nane mchana foleni hupungua. Bajeti ya mafunzo msiniulize. Kuna mtu amewahi kufanya mazoezi ya kuigiza OPD, kwenye OPD yenyewe? Mlianza na nini?

Mzee_wa_Zamu amejibu:

Mnajitafutia kazi. Sisi tulipelekwa OPD tukakaa na sista mzoefu, ukikosea anakufinya kwa macho, baada ya mwezi unaijua foleni kuliko nyumbani kwako. Hayo maigizo ni ya semina, watu wanapiga picha wanakula biskuti wanaondoka. Wape mzoefu mmoja mmoja, muda utawafundisha.

Mkufunzi_Manyara amejibu:

Inchaji, pole na kazi. Nimefundisha uuguzi chuoni, sasa nipo upande wa mafunzo kazini. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Mzee wa Zamu ana hoja, ila ina tundu. Kukaa na mzoefu kunakufundisha yale yanayokuja kila siku. Mzio mkali wa penisilini hauji kila siku. Unaweza kukaa na sista hodari mwaka mzima usiuone, ukaja siku sista yupo likizo nawe uko peke yako chumba cha sindano na mlango umerudishwa. Yale machache yanayoua haraka ndiyo ya kuigiza. Mengine mwachie mzoefu, wala sibishani.

Kwa nini wanapotea? Tazama walivyopimwa chuoni. Doli limelazwa, pembeni kuna kadi ya ugonjwa, na msimamizi ana orodha ya hatua: nawa mikono, jitambulishe, fungua pakiti. Mgonjwa mmoja, kazi moja, na dakika zake zimetengwa. Wodini ni hivyo hivyo, mgonjwa ameshalazwa, kuna mtu kabla yako ameshaamua kwamba huyu anaumwa. OPD hakuna aliyekuamulia. Wote wamekaa, wote wamevaa, wengi wamekuja kwa miguu yao, na yule hatari zaidi mara nyingi ndiye hasemi kitu. Kazi ya kwanza pale ni kuchagua, na kuchagua hawajawahi kufanyishwa. Kwa hiyo doli lisikuumize kichwa. Anza na benchi.

Saa nane hiyo hiyo, omba watu saba au wanane wakae verandani: mhudumu, karani wa mapokezi, dada wa maabara, hata mama ntilie wa getini akikubali. Kila mmoja umpe kadi ndogo inayosema yeye ni nani leo. Mimi huwapanga hivi. Kijana ana jeraha la kidole, damu imekauka, anapiga kelele kwamba amefika saa kumi na mbili. Mzee anashika kifua anasema ni kiungulia, anatokwa jasho na hali si joto. Mjamzito anadai ana malaria, kichwa kinamuuma. Bibi amekuja kuchukua dawa zake za presha. Mwanaume anakohoa zaidi ya wiki mbili na amebanana katikati ya watu. Binti anataka fomu ya shule ijazwe. Na mama ana mtoto mgongoni, yaani kitenge kilichoviringishwa, "amelala". Huyu mama umwambie asiseme neno mpaka aulizwe.

Muuguzi mpya anapita mbele ya benchi dakika tatu, bila kipimo chochote. Macho, mikono na mdomo tu. Kisha anakuambia wa kwanza nani, wa pili nani, na nani hapaswi kukaa pale kabisa (yule wa kikohozi, apewe barakoa akakae penye hewa). Mara ya kwanza karibu wote humwendea kijana wa kidole, kwa sababu kelele ina nguvu ya kuvuta. Ukiona hivyo usimkatize. Mwache amalize dakika zake.

Kwa watoto hutunzi kitu, fuata ule utaratibu wa ETAT wa Shirika la Afya Duniani, wa kuchuja watoto, yaani kutambua nani ahudumiwe kwanza: njia ya hewa na kupumua, kisha mzunguko wa damu, fahamu na degedege, kisha ukavu wa mwili kwa anayehara. Mikono ya mtoto ni ya baridi? Bonyeza kucha uachie, rangi inachukua zaidi ya sekunde tatu kurudi? Ukimwita anaitika? Hayo hayahitaji umeme. Blantyre kule Malawi, kwenye hospitali ya Queen Elizabeth, walipopanga upya mapokezi ya watoto na kufundisha watu kuchuja namna hii, vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya 6 na 8. Na badiliko kubwa lilikuwa pale mlangoni, kabla mtoto hajafika wodini.

Zoezi la pili ni chumba cha sindano. Mmoja anaigiza amechomwa penisilini, anainuka kwenda zake, anafika mlangoni: "Sista, mwili unaniwasha... koo linabana." Basi. Muuguzi afanye yote kama kweli: apaze sauti kuita msaada, amlaze, amwinue miguu, na adrenalini paja la nje, kwenye msuli, mtu mzima nusu mililita ya ile ya miligramu moja kwa mililita, na kama hakuna nafuu baada ya dakika tano irudiwe. Sindano ichomwe kwenye kipande cha godoro kilichokuwa kimefungwa pajani, lakini muigizaji awe amekivua na kukiweka mezani kabla sindano haijafunguliwa. Mwili wa mwenzako hauguswi na ncha, hata kwa utani.

Hapa ndipo utashangaa. Unaweza kudhani unampima binti, kumbe unapima jengo lako. Adrenalini iko wapi? Kituo kimoja nilichokwenda ilikuwa kwenye kabati la stoo, ufunguo kwa mtu wa dawa, na mtu wa dawa alikuwa ameenda benki. Binti alijua dozi barabara, akasimama na bomba tupu mkononi. Hakuna darasa ambalo lingelionyesha hilo. Siku ile ile trei ya dharura ikahamia chumba cha sindano. Ndiyo maana nakuambia usilie na maabara ya stadi: maabara ingekuwa na adrenalini mezani, na wewe ungeondoka umefurahi.

Ratiba sasa, maana hapa ndipo semina zinapotupotezea hela, na Mzee wa Zamu hapo kwenye biskuti kasema kweli. Haydom, hospitali ya huku kwetu Mbulu, walifundisha wakunga kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua kwa kozi ya siku moja. Kwenye doli wakafanya vizuri zaidi. Kwa watoto halisi wodini, matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha utendaji haukubadilika. Wakarudi na mpango mwingine: doli likae pale pale kazini, mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, watu wakiwa zamu. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000, ikachapishwa 2015. Ni chumba cha kujifungulia, si OPD, lakini ratiba ni ile ile. Dakika tano za zoezi na kumi na tano za mazungumzo kila wiki, kuliko siku nzima ya ukumbini mara moja kwa mwaka.

Na mazungumzo hayo yawe marefu kuliko zoezi. Usianze na "umekosea wapi". Uliza: ulimwona nani kwanza? Ulimgusa nani? Ulikuwa unawaza nini ulipompita yule mama? Atakuambia mwenyewe, "nilidhani amelala". Hapo ndipo pa kufundishia. Mwisho mmoja aliyeigiza mgonjwa aseme alijisikiaje kwenye benchi, maana bibi wa presha huwa na mengi ya kusema. Kuigiza mgonjwa si jambo la kimaskini: daktari Howard Barrows alianza kuwafundisha wanafunzi wake kwa watu wa kuigiza mwaka 1963 huko Los Angeles, Marekani, na pesa wanazo.

Binti_Mtarajali amejibu:

Shikamooni. Mimi niko utarajali, nimezunguka OPD. Naomba niseme upande wetu.

Kinachotutisha si sindano. Ni watu arobaini wanaokutazama. Unajua kabisa yule mtoto anatakiwa atangulie, ukimshika tu mkono mama yake, sauti inatoka nyuma: "We binti, mimi nimekuja alfajiri." Na anayesema ni mtu mzima wa umri wa baba yako, huwezi kumjibu vibaya, na huwezi kusimama pale ukatangaza ugonjwa wa mtoto wa watu. Unanyamaza, unarudi kwenye namba. Nadhani wengi tunaokosea uchujaji tumeshaona, tunaogopa tu foleni.

Chuoni tulifundishwa "mawasiliano na mteja" lakini mteja alikuwa mmoja na alikuwa mwanafunzi mwenzetu anayecheka. Kwa hiyo kwenye hilo benchi la Mkufunzi naomba awepo mtu wa kugomba kweli. Tujizoeze maneno yenyewe kwa mdomo. Sista mmoja niliyemfuata alikuwa anasema hivi, nimeyakariri: "Jamani samahanini, mtoto huyu namtanguliza, hawezi kusubiri. Baba, wewe unafuata baada yake, sijakusahau." Anamtazama yule baba usoni wakati anasema. Foleni inanyamaza. Hasemi mtoto ana nini, na hamwambii mzee kwamba amekosea.

Ombi la pili, tafadhali: simu ziwekwe mbali. Kuna mahali zoezi lilirekodiwa likaishia kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, na binti aliyesahau kufungua oksijeni akaitwa kwa jina la oksijeni tangu siku hiyo. Nani atakubali kuigiza tena?

Mzee_wa_Zamu amejibu:

Hilo la foleni nakubali. Na kweli halifundishiki kwa kumtazama mwingine, kila mtu na sauti yake. Ila huyo baba wa alfajiri niiteni mimi, nitawagombeza mpaka walie.

Nesi_Kilifi amejibu:

Hamjambo nyote, nawasalimu kutoka pwani ya Kenya. Mimi nafanya kazi hospitali ya kaunti ndogo, mapokezi ya watoto. Mkufunzi amesema mengi mazuri, mimi naongeza moja tu: msiwafunze wauguzi pekee.

Mgonjwa akifika, wa kwanza kumwona ni askari wa getini, halafu karani, halafu yule mama anayepiga deki. Nesi ni wa nne. ETAT yenyewe inasema watu hawa wafundishwe kutambua dharura, lakini huku kwetu ilichukua muda kabla mtu kuwakumbuka. Sasa mazoezi yetu huanzia getini. Mtu anakuja kwa bodaboda ameshikiliwa katikati ya wawili, kichwa kimelala begani. Askari hafanyi uguzi wowote. Kazi yake ni kutowaambia "ingieni mkaandikishe", na kuita kwa sauti jina la chumba chetu huku akionyesha njia. Karani naye, akiona mtoto anatetemeka degedege, aache kitabu, jina litaandikwa baadaye.

Askari wetu mwanzoni alikataa kuigiza, akasema yeye si daktari. Tulipofanya naye mara chache akawa mkali kuliko sisi. Siku hizi ndiye anaita hata kwa wale wanaotembea. Mara nyingine si dharura, na tumekubaliana hatumkemei hata kidogo akiita bure.

Kitu kingine kidogo cha presha. Wauguzi wapya wanapima mtu aliyetoka kushuka kwenye boda, jasho linamtoka, mkono unaning'inia, mkanda wa presha ni mdogo kwa mkono mnene. Mkanda mdogo unakuongezea namba. Sisi tulifanya zoezi mtu yule yule apimwe vibaya, halafu akae dakika tano, mkono usawa wa moyo, mkanda unaomtosha. Waandike namba zote mbili wenyewe. Hakuna haja ya hotuba baada ya hapo.

Inchaji_Veranda amejibu:

Asanteni sana. Mzee wa Zamu nitakuita kweli, usije ukakimbia. Nimeshaongea na tabibu na dada wa maabara, wote wamekubali, karani anataka kuwa bibi wa presha.

Maswali mawili. Saa nane wagonjwa hupungua lakini hawaishi, je wakiona mtu anaanguka mlangoni si watakimbia? Na pili, vifaa. Nina dripu na dawa zilizokwisha muda, nilitaka zitumike kwa mazoezi badala ya kutupwa.

Mkufunzi_Manyara amejibu:

La kwanza ni rahisi. Kabla hujaanza, toka verandani useme mwenyewe: "Ndugu zangu, wauguzi wetu wanafanya mazoezi ya kumhudumia mgonjwa wa dharura. Mtakayemwona anaanguka ni mfanyakazi, ni mzima. Huduma yenu haisimami." Watu hupenda, wengine watakuja kuchungulia, na kuna siku mgonjwa wa kweli alimwambia muuguzi "mbona hujamwangalia yule mama?" Alikuwa na haki. Mjiwekee na neno moja la kusimamisha. Sisi tunasema "kweli kweli". Akitokea mgonjwa halisi, au muigizaji akijisikia vibaya kweli, mtu yeyote akitamka hilo zoezi limekufa pale pale, na waigizaji wote wanainuka kwenye benchi.

La pili, kuwa mkali. Dawa iliyokwisha muda ikiingia chumba cha sindano kwa jina la mazoezi, ipo siku itaingia kwa mgonjwa, mara nyingi usiku, taa hafifu, mtu amechoka. Hizo ziende kwenye utaratibu wenu wa kuteketeza pamoja na mtu wa dawa. Kwa zoezi tumia vichupa vitupu vilivyosafishwa, ujaze maji, ubandike plasta pana iliyoandikwa kwa wino mwekundu MAZOEZI, na vyote vikae kwenye ndoo moja yenye kifuniko, nje ya chumba cha sindano. Mnahesabu vinavyotoka, mnahesabu vinavyorudi. Trei ya dharura ya kweli iguswe kwa kuangalia ipo wapi na ina nini, isifunguliwe. Na sindano zilizotumika kwenye godoro ziende kwenye sefti boksi (boksi la kutupia vyenye ncha kali) kama zingine, mikono ijizoeze hivyo hivyo.

Kitu kimoja nilisahau kule juu. OPD mgonjwa anaondoka na dawa mkononi, hakuna sista wa usiku atakayemkumbusha. Kwa hiyo bibi wa presha asiwe wa kupamba benchi tu. Akishapewa dawa zake, muuguzi amwombe: "Bibi, ukifika nyumbani utamweleza vipi mjukuu wako unavyokunywa hizi?" Karani wako aigize anayeitikia "ndiyo mwanangu" kwa kila kitu, halafu akiulizwa hivyo achanganye ya asubuhi na ya jioni. Wauguzi wapya hudhani wakiitikiwa wameeleweka.

Binti_Mtarajali amejibu:

Mkufunzi, unaweza kutuwekea kadi moja ilivyo, ili tuone inaandikwaje?

Mkufunzi_Manyara amejibu:

Hii ni ya mjamzito anayeelekea kifafa cha mimba, ndiyo wanaipita zaidi baada ya ile ya mtoto.

Mbele, kwa muigizaji: "Una miaka 22, mimba ya kwanza, miezi minane. Umekuja peke yako, umekaa mwisho wa benchi, umevua viatu kwa sababu vinabana. Ukiulizwa shida, sema 'nadhani ni malaria, kichwa kinaniuma tangu jana'. Usitaje macho. Usitaje kuvimba. Ukiulizwa kuhusu macho, sema unaona vimulimuli. Ukiulizwa kuhusu tumbo, shika juu karibu na mbavu. Ukiambiwa kapime malaria urudi, inuka uende polepole, usibishe."

Nyuma, kwa msimamizi pekee: "Presha 160/110. Mkojo una protini. Muuguzi anapewa namba ya presha pale tu anapofunga mkanda na kusema anapima, na ya mkojo pale tu anapoomba kopo. Akimtuma maabara ya malaria bila presha, mwache atume. Mama akifika mlango wa maabara, anaanza degedege."